Meno ya Patson Yapanda Ndege

Katika Nchelenge yote, mji wetu wa kando ya ziwa, kuanzia gatini hadi soko la Kashikishi, hakuna aliyewahi kumwona Ackson Chibwe akicheka. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, la hasha. Alikuwa fundi wa injini za boti, mzee wa kanisa, baba wa binti mmoja, Luse, aliyeolewa Mansa, na mume wa Pierrette, mama wa Kikongo kutoka Pweto ambaye ndiye aliyemtia Kiswahili kinywani. Kosa lake lilikuwa moja tu: ukimsimulia kichekesho, anakuuliza maswali. Ukimwambia sungura alimdanganya fisi akamwibia nyama, Ackson anataka kujua nyama ilikuwa ya nani kwanza. Hata katika picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni, bwana harusi amekaza uso utadhani anapigwa picha ya kitambulisho.

Sasa mtu wa namna hiyo, na Mungu naye ana mambo yake, akapewa mtani kama Patson Mwelwa.

Ackson ni wa ukoo wa mamba. Patson alikuwa wa ukoo wa samaki. Na kando ya ziwa hili mamba na samaki ni watani tangu mababu, kwa sababu mmoja amekuwa akimla mwenzake bila hodi. Mtani anaingia kwako, anafunua sufuria, anakula, anakutukana, anaondoka na shati lako ulilolianika, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe: utatoa kuku. Lakini utani una deni lake. Siku mtani wako akifa, wewe ndiye utakayesimama msibani uwachekeshe watu. Maiti isiyochekewa, wazee wanasema, imezikwa kama mbwa.

Patson alikuwa na boti ya kubeba abiria wa visiwa vya Kilwa na Chisenga, tumbo la kutangulia mwenye tumbo, na meno ya bandia ya juu, moja la mbele likiwa la dhahabu, aliyowekewa Lubumbashi. Meno ya kuzaliwa yalikwenda siku Ackson alipomtengenezea injini. Patson alivuta kamba ya kuwashia, injini ikakataa, kamba ikarudi na mpini wake mdomoni. Tangu hapo, kila akifika karakana alitoa meno ya bandia, akayaweka mezani katikati ya spana.

"Ona, Mamba. Hii njo mabaki ya chakula yako."

"Yatoe pale," Ackson anasema. "Meza iko na grisi."

Hapo ndipo ulipoishia utani wake. Watu waliokuja kusikiliza majibu walikuwa wanaondoka na njaa.

Walitaniana kwa Kiswahili, ingawa wote wawili ni Wabemba wa ziwani. Patson alisema matusi ya Kibemba yana wajomba na mashangazi, ukitupa moja linarudi na ukoo mzima. Ya Kiswahili ni ya sokoni, unatukana, unalipa, unakwenda.

Basi siku moja Patson akarudi kutoka hospitali, akaketi kwenye tairi mlangoni mwa karakana, mbele ya watu waliokuwa wakingoja injini zao. Alikuwa anahema.

"Daktari anasema moyo yangu imechoka. Naweza kufa wakati yoyote," alisema. "Lakini mi siogope kufa. Mi naogopa weye."

"Juu ya nini unaniogopa?" Ackson akauliza.

"Juu ni weye utafanya utani ku kilio yangu! Bantu batakuja, batakaa, batangoja bacheke. Na weye utasimama pale na ile uso ya polisi ya mupaka, utabauliza bakuonyeshe hati."

Watu walivunjika mbavu. Ackson alijua kwamba ni kweli. Aliwahi kujaribu, kwenye msiba wa mama mmoja wa ukoo wa samaki. Alisimama, akakohoa, akasema, "Marehemu alikuwa mnene." Watu wakangoja. Akaongeza, "Sana." Hata mtoto aliyekuwa analia mgongoni mwa mama yake alinyamaza.

"Donc," Patson aliendelea, "juu utaniharibia kilio, unilipe kabisa mbele ya kufa kwangu. Bantu yote ya hii ziwa nimebabeba mu maji. Lakini ndeke sijapanda hata siku moja. Mutani wako anataka kupanda ndeke. Voilà."

Mtu mwingine yeyote angemjibu, "Meza bata uruke," mambo yakaisha. Ackson alilichukua neno lile nyumbani kama mtu aliyeagizwa chumvi. Mtani ameomba, na ombi la mtani halikataliwi. Kuchekesha hajui, haya, basi hili la ndege asishindwe. Akishindwa na hili, msibani atasema nini?

Ndiyo maana, alipoliona lile sanduku sokoni kwenye marundo ya mitumba, miguu ilisimama yenyewe. Lilikuwa sanduku la karatasi ngumu, kuukuu kuliko Luse, lenye picha ya ndege nyekundu inayopaa juu ya majani na mtoto wa kizungu mwenye kaptula akiishangaa kinywa wazi. Ndani mlikuwa na vibao vyembamba, mchoro mkubwa uliokunjwa, karatasi laini, waya, magurudumu madogo, redio ya kuongozea yenye antena ndefu, na injini ya ukubwa wa yai la kuku. Ackson aliishika ile injini, akaizungusha kwa kidole, akasikia ikibana pumzi. Maskini, alipenda palepale.

Lakini kesho yake alirudi kwa muuzaji amenuna.

"Umeniuzia mbao mbovu. Imekuliwa na mchwa mu ndani."

Muuzaji aliapa kwa mama yake. Wakachukua vibao vyote, wakavipima kwenye mizani ya samaki. Mshale haukutikisika. Watu wakajaa. Hapa kwetu mbao ni mbao ya boti, mtu akiibeba begani anapinda. Mbao isiyo na uzito ni mbao iliyokufa, au ina mambo yake. Ackson alilazimika kuvunja kipande kutafuta mchwa, akakiloweka, akakitafuna kidogo, ndipo akakubali kwamba Wazungu wana mti uliozaliwa hivyo hivyo, bila haya.

Ilikuwa miezi ya kufungwa uvuvi, injini zote zimelala, na Ackson naye hakuwa na la kufanya. Aliupigilia mchoro juu ya meza ya kulia. Pierrette akawa anapakua ugali sakafuni. Alikata mbavu za mabawa kwa wembe, akazipanga, akazishika kwa pini za mke wake, akazibandika gundi, na kweli mbavu zile zilifanana na za boti, ila ukipiga chafya zinahama. Kisha akazivika karatasi laini, akailowesha kwa kuipulizia maji kutoka kinywani kama wapiga pasi wa zamani, nayo ikikauka inakaza kama ngozi ya ngoma. Mwisho mchoro ulitaka rangi ya kuziba matundu ya karatasi. Ackson alinusa kitone kilichoganda ndani ya kichupa kilichokuja na sanduku, akafikiri, akajua harufu ile ameisikia wapi. Akaenda sokoni akanunua rangi nyekundu ya kucha, yote.

Wanawake wa sokoni hawakuchelewa kumpelekea Pierrette habari. Pierrette alifika karakana na mwiko mkononi, kilemba kimelegea.

"Baba Luse, eko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye kucha!"

Ackson alifikiri sana, kwa sababu swali lilikuwa gumu. Akanyoosha kidole kwenye bawa. "Ni huyu. Lakini haina kucha."

Pierrette aliangalia ndege, akamwangalia mzee wa kanisa aliyeshika kiburashi kwa vidole viwili kama bibi harusi, akaketi chini akacheka mpaka machozi. Ackson alimuuliza anacheka nini. Hapo akazidi.

Injini ilikuwa rahisi kwake. Alichanganya mafuta ya taa, mafuta ya mbarika na ile dawa ya kupulizia injini zinazogoma asubuhi, akapiga pangaboi la mbele kwa kidole, nayo ikalia kama nyuki ndani ya chupa. Ackson hakucheka, lakini Pierrette anaapa kwamba masikio yake yalisogea.

Patson alipoiona mara ya kwanza ikiwa nzima, alisahau hata kutukana.

"Aka! Mamba! Mi nilikuwa nasema tu!"

"Ulisema mbele ya bantu."

"Mais... mi nitakaa wapi?"

"Inabeba uzito kidogo tu," Ackson alimjibu kwa heshima zote. "Weye uko mingi. Tutatafuta sehemu yako moja."

Wakaanza kumgawa Patson. Kucha na nywele, hapana. Kila mtu anajua vitu hivyo hufanyiwa kazi gani vikishikwa na mkono mbaya. Picha, Pierrette alikataa: picha ya mgonjwa kuipeleka mbinguni ni kumkumbusha Mungu. Kofia ilikuwa kubwa kuliko mkia. Na Ackson alikuwa na tatizo lake pia. Akiinyanyua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa, mkia unaanguka; mchoro ulitaka ikae sawa. Ilihitaji kitu kizito kidogo puani, na alikuwa anafikiria risasi za kuzamishia nyavu.

"Ngoja," Patson alisema. Akatoa meno, akayaweka juu ya pua ya ndege.

Mkia ulipanda taratibu. Ndege ikatulia juu ya vidole vya Ackson, sawa kabisa, jino la dhahabu likiangalia mbele.

"Njo mimi ile," Patson alisema kwa ufizi. "Ilikula na mimi, ilikutukana na mimi. Nimepanda."

Siku ya kurusha, mji wote ulikuwa ufukweni. Akina mama walioanika chisense mchangani walikusanya nusu ya dagaa wao ili ndege ipate pa kukimbilia. Meno yalifungwa katika pamba, yakawekwa puani. Patson, mdomo umebonyea, alikuja na suti na begi la safari, akawaaga watu mmoja mmoja, akauliza kama kuna chakula njiani, akamwomba Ackson kiti cha dirishani. Ackson akamjibu kwamba hakuna dirisha. Watu wakacheka, Ackson akashangaa.

Kisha injini ikalia. Ndege ikakimbia juu ya mchanga, ikaruka mara moja kama panzi, na ikapaa. Jamani, ilipaa! Nyekundu, nyepesi, ikapita juu ya boti, ikazunguka kama Ackson alivyotaka, ikarudi. Kifuani alisikia kitu ambacho hakukijua jina, na kwa mara ya kwanza hakuwa na swali.

"Naona Kilwa!" Patson alikuwa anapiga kelele, amefumba macho. "Naona Congo! Mama yangu, naona wajinga bote beko chini!"

Halafu akafumbua macho. "Leta usukani. Ni ndeke ya mutani wangu, ni ndeke yangu."

Ackson aliing'ang'ania redio. Watu wote wakamwangalia mikono. Sheria ni sheria. Aliachia.

Patson hakuwahi kuendesha kitu kisichokuwa na kamba. Maisha yake yote, mashine ni ile unayoivuta kwa nguvu ndipo inakusikia. Akaishika ile antena ndefu, akapanua miguu, akaivuta kama anavyowasha boti. Ikatoka. Alibaki nayo mkononi.

Ndege haikushtuka. Zile za zamani zilitengenezwa kujiendea, hazihitaji sana watu. Ilinyoosha pua yenye meno kuelekea Chisenga, ikapanda juu ya ziwa, ikawa kama njiwa, ikawa kama nzi, ikawa hakuna kitu.

Ufukwe ulilipuka kwa kicheko. Patson alicheka kuliko wote, ufizi wote nje, machozi yakimtoka. "Nimekwenda!" alisema. "Mamba, nimekwenda kabisa!"

Na Ackson akakasirika. Hakukasirika kidogo. "Toka mbele yangu," alisema. "Weye hauko mutani, uko muharibifu. Usikanyage kwangu tena."

Kicheko kilikatika. Patson alisimama na antena yake. "Kuku," alisema polepole. "Utaniletea kuku."

Ackson alikuwa amekwisha kugeuka. Hasira, hasara, kila mtoto anajua, lakini nani ameikumbuka methali akiwa ndani ya hasira? Wiki zikapita, uvuvi ukafunguliwa. Patson aliacha chakula cha kutafuna, akawa mtu wa uji. Kila akitoka kanisani alisimama ng'ambo ya barabara ya karakana, akaita, "Kuku!" kisha akangoja. Ackson alizamisha kichwa ndani ya injini. Alikuwa anamsikia. Alitaka kutoka, na kila mara alijiambia wiki ijayo.

Asubuhi moja Esnart, mke wa Patson, alituma ujumbe. Patson alikuwa amefia kwenye boti yake, gatini, ameketi, mkono kwenye kamba ya injini.

Ackson aliumia. Alikaa kwenye lile tairi la mlangoni, akalia kwa sauti, mzee mzima, na wenye injini waliondoka wakaziacha. Baadaye aliingia bandani, akamkamata jogoo mkubwa kuliko wote, akamfunga miguu. Kuku amechelewa, lakini ni kuku. Alipopita gatini, mwendesha boti mmoja alimwambia habari: huko Chisenga kuna mzee aliokota kitu chekundu kwenye matete, kina meno, na mzee mwenyewe anakuja leo na boti ya saa nane. Ackson akakaza mwendo.

Msibani watu walikuwa wamejaa uwanjani mpaka barabarani. Patson alilala ndani ya sanduku, shavu limeingia, na Esnart alikuwa amemwekea ile antena mkononi. Ackson aliiona. Na macho yote yalikuwa yanamngoja yeye, mtani, watu tayari wakimhurumia marehemu.

Akasimama, jogoo kwapani.

"Naomba," alisema, "musifunge sanduku. Patson hajatimia."

Watu walitazamana.

"Meno yake iko mu njia. Ilipanda ndeke, ikashuka Chisenga. Sasa iko mu boti ya saa nane. Tungoje."

Mtu mmoja nyuma alikoroma puani. Mwingine akaziba mdomo kwa kitenge.

"Munacheka nini? Hawezi kwenda mbele ya Mungu na ufizi! Mungu atamuuliza, nani alikula meno yako? Na mutani atanitaja. Mimi ni mzee wa kanisa!"

Uwanja ukaanguka. Wanaume walishikana mabega. Ackson, masikini, hakuwa anatania hata neno moja. Alikuwa na hofu ya kweli ya kutajwa.

"Nyamazeni! Munacheka mutu amekufa?"

"Ndiyooo!" wakamjibu.

Jogoo naye akawika. Esnart, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa sauti, alilala ubavu juu ya mkeka akicheka na kulia kwa pamoja, akipiga ardhi kwa kiganja. Ackson alizidi kukasirika, na alivyokasirika ndivyo walivyozidi.

Hapo ndipo watu wa barabarani walipopisha njia. Aliingia mzee mwembamba, mvuvi wa Kikongo, jina lake Zéphirin, bawa jekundu lililochanika kwapani. Alivua kofia, akatazama umati, akatabasamu kwa adabu.

"Jambo yenu bote. Poleni na kilio."

Mama mmoja alipiga yowe. Jino la dhahabu lilikuwa mdomoni mwake. Tabasamu lilikuwa la Patson, lile lile, limesimama mlangoni pa msiba wa Patson.

Zéphirin aliona sura zao, akajieleza haraka. "Mi niliomba Mungu meno tangu zamani. Siku moja naangalia yulu mbinguni, ndeke inaleta. Mungu akileta kitu kwa ndeke, weye utamuuliza? Nikaosha, nikavaa, ikaenea kabisa. Nilisikia jana tu kama iko na mwenyewe, ku gati balisema eko hapa." Akapeleka vidole kinywani ayatoe. "Mwenyewe eko wapi?"

Walimwonyesha sanduku. Mkono wake ulibaki hewani. Wazee wa ukoo wa samaki walitazamana, kisha wakamtazama Ackson. Siku hiyo, mwenye kauli ni mtani.

Ackson alimsogelea yule mzee. Aliyatazama meno aliyoyaondoa mezani kwake mara nyingi, kwa sababu ya grisi.

"Muzee," alisema, "cheka kwanza."

Zéphirin alicheka, kwa woga, hee hee. Dhahabu ikang'aa. Kitu kikamgonga Ackson tumboni, kikakwama, kikakohoa mara mbili kama injini iliyolala msimu mzima, na kikawaka. Alicheka. Nchelenge nzima ilinyamaza kumsikiliza, maana hakuna aliyeijua sauti ile, hata Pierrette. Alicheka mpaka kwapa likaachia, jogoo akaanguka, kamba ikafunguka, akakimbia katikati ya wafiwa.

Ackson aliinama juu ya sanduku, machozi yakidondoka juu ya ile suti ya safari.

"Samaki," alisema, "kuku yako ile. Inakimbia. Amuka ukamate."

Akangoja kidogo, kama mtu anayetoa nafasi. Kisha akafunga sanduku mwenyewe, bila meno ndani, akamwambia Zéphirin asiyavue. Jogoo alikamatwa jioni, akapikwa, na alikuwa mgumu ajabu. Wazee wengi walimwacha. Zéphirin alimaliza paja lote na kuomba jingine.